Foleni Isiyokuwepo

Anyosisye alizaliwa na kukulia Chapwa, Tunduma, na mtu wa Tunduma kitu chochote kikichelewa, jibu lake ni moja: foleni. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia yamemfundisha hivyo tangu utotoni. Ndiyo maana picha ya tumbo la mdogo wake ilipogoma kwenda, fundi huyu wa mitandao hakujiuliza mara mbili.

Mdogo wake huyo, Ruti, alikuwa amelazwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Chitete, mimba ikiwa pevu, damu ikimtoka kidogo kidogo tangu asubuhi. Nesi Imelda alikuwa ameshampiga ultrasaundi. Daktari bingwa, Fortunata, alikuwa Vwawa, akisubiri kuiona picha ndipo aamue: Ruti apasuliwe hapo hapo, au apakiwe kwenye gari kupelekwa Vwawa.

"Isipofika upesi tunampakia," Imelda alisema. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Zimeni simu zote!" Anyosisye alifoka. "Mmejaza njia na video zenu!"

Watu wakazima, hata mganga wa zamu aliyekuwa katikati ya maongezi na mkewe. Ikabaki simu ya Imelda tu, ya kuongea na daktari. Picha ikaendelea kujikokota, afadhali kobe. Hapo Anyosisye akaogopa, kuogopa kwa kweli. Njia ilikuwa tupu. Sasa foleni ya nani?

Akatoka nje kuitazama antena juu ya paa. Kati yake na mnara wa mlimani palikuwa na mikaratusi, na upepo ulikuwa unaiyumbisha. Picha husafiri ikiwa imekatwa vipande vipande, na kila matawi yalipopita mbele ya antena, vipande kadhaa vilipotea. Hilo peke yake si msiba. Kilichopotea hutumwa tena. Msiba ulikuwa kompyuta ya kituo inayotuma picha: kila kipande kilipopotea ilidhani mbele kuna msongamano, ikapunguza mwendo kwa nusu, kisha nusu ya nusu. Kumbe na yenyewe ilikuwa mtu wa Tunduma.

Kukata miti kungemaliza siku nzima. Akarudi ndani mbio, akafungua mipangilio na kubadilisha kanuni ya kutuma: kipande kikipotea, mwendo usipungue, upungue pale tu vipande vinapofika kwa kuchelewa, maana hapo ndipo penye foleni ya kweli.

"Kaka, tunaondoka," Imelda aliita kutoka uani. Machela ya Ruti ilikuwa imefika mlangoni mwa gari.

"Nipe dakika, dada!"

"Damu haingoji dakika zako!"

Akabonyeza. Picha ikaondoka kama ilivyotakiwa kuondoka tangu mwanzo, na muda si mrefu simu ya Imelda ikaita.

"Kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi," Daktari Fortunata alisema. "Msimtikise. Mpasueni hapo hapo, nipo nanyi kwenye simu."

Machela ikageuzwa.

Alasiri Imelda akatoka chumba cha upasuaji akivua glavu. "Mtoto wa kike. Mama naye mzima."

"Asante, dada. Asante sana."

"Ila damu ilibubujika tulipokuwa tunamhamisha." Imelda akaegemea ukuta. "Kutoka machela kwenda mezani tu, kaka. Hapo tu."

Anyosisye akaifikiria barabara ya mashimo ambayo gari lingepita na Ruti kwenda Vwawa, akakaa sakafuni.