Laini ya Marehemu Manase

Mkataba wenyewe ulikuwa mfupi: kila Jumatatu, Lea wa kituo cha simu cha Kiomboi amwambie Noel wa kampuni mpya ni laini zipi ziko wazi, ili Noel awauzie watu intaneti juu ya waya zile zile. Soko la simu lilikuwa limefunguliwa, na wakubwa walisema waya si kitu cha kufichiana. Noel akiwa na shaka, aliruhusiwa kuipigia namba siku hiyo hiyo. Ikiwa inatumika, basi ina mwenyewe.

Katika mji mdogo wa Shelui ilibaki laini moja tu ya kufaa, ya marehemu Manase, muuza vipuri vya malori. Kwa mkataba ilikuwa wazi tangu azikwe. Lakini Kiomboi walikuwa na mazoea yao: laini ya marehemu haikatwi mpaka watu waanue matanga. Na matanga yangeanuliwaje, wakati mwana mkubwa, Kefa, yuko machimboni kusini, hajui hata kama baba yake amekufa? Alijua namba moja tu, hiyo ya nyumbani. Ikikatwa, mama ndiyo amempoteza na mwana.

Lea alikulia nyumba ya pili kutoka pale, na Mama Kefa alimlea kama wake. Haya, ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alimwambia Noel, "Shelui zimejaa." Kisha akamwelekeza Mama Kefa: kila Jumatatu uuondoe mkono wa simu, uuweke pembeni mpaka jioni. Siku nyingine uuache, mtoto apige.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu moja Noel alikuja Shelui mwenyewe, akamtaka Lea waongozane. Alifungua kabati la waya kando ya lami, akaunga simu yake ya kupimia, akasikiliza. Lea alisimama nyuma yake. Kazini walikuwa wanapunguza watu, na kosa kama hili lilitosha kabisa kumwondoa.

"Hii inatumika tangu masika," Noel alisema. "Ila sisikii mtu. Watu gani hawa, dada Lea, wanaopigiana simu halafu wananyamaza?"

"Labda wamemaliza."

"Basi twende tukawasalimie."

Mama Kefa aliwapokea mlangoni, amejifunga kaniki.

"Shikamoo, mama," Noel alisema.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Mkono wa simu ulikuwa umelala mezani juu ya kitambaa, peupe kabisa. Noel aliutazama, kisha akamtazama Lea. Aibu ilimshika Lea mpaka masikio yakawaka.

"Ni mimi," alisema. "Mama hana kosa." Akaeleza yote, la Kefa na la matanga, bila kuacha kitu.

Noel hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Lea zaidi. "Nina mteja hapa amekodi chumba, ameleta kompyuta, anakaa anazipangusa vumbi," alisema taratibu. "Ungeniambia tangu mwanzo, ningesubiri. Sasa itabidi nikuripoti." Akauchukua mkono wa simu, akaurudisha mahali pake.

Hata hawajakaa vizuri, simu ikaita. Mama Kefa aliidaka. Sauti ilikuwa kubwa, wote waliisikia.

"Mama, shikamoo! Leo nimebahatika. Huku mjini tunakuja Jumatatu tu, siku ya mnada, na kila nikipiga inatumika. Nikawa najisemea, nyumba yenye maongezi hivyo haina shida. Narudi shimoni moyo umetulia."

Kumbe muda wote huo Lea alikuwa anamfungia mlango mtu yule yule aliyekuwa akimtunzia laini. Alitamani ardhi immeze.

"Mpe baba simu," Kefa alisema. "Nimepata jiwe, mama. Nataka alisikie kutoka kwangu."

Mama Kefa aliiondoa simu sikioni. Akamnyooshea Lea ule mkono wa simu. Lea alimtazama Noel, lakini Noel alikuwa amegeukia dirisha. Lea akaupokea.

"Kefa, ni Lea wa hapa jirani," alisema. "Kaa chini kwanza, kaka."