Ubeti wa Saba

Bibi yangu alikificha kikombe chini ya kanga, upesi, kama mtoto aliyefumwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya sita ya Ramadhani, nami nilikuwa nimerudi nyumbani Mpendae kuchukua ufunguo wa duka niliousahau katika suruali nyingine. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa. Yeye amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na mbele yake sahani ya muhogo wa kuchemsha, nusu umeshaliwa.

"Bibi!"

"Naam," akaitika, kwa sauti ile ile ya kila siku, kana kwamba nilimwita kutoka uani.

"Unakula?"

Alinitazama. Kisha akakitoa kikombe kwenye kanga, akakiweka sakafuni mbele yangu.

"Nnakula. Rudishia mlango, nzi wasiingie."

Hapakuwa na nzi hata mmoja. Palikuwa na majirani.

Nikaurudishia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona Bi Mwanapili ametia kitu mdomoni mchana wa Ramadhani. Mama yangu alikwenda Maskati kufanya kazi nikiwa mdogo, bibi akanilea. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga: nusu ya mchana kwanza, kisha hadi alasiri, mpaka siku niliyoweza kufika magharibi, naye akanitembeza mtaa mzima akinionesha kwa watu. Sasa amekaa mbele yangu na chembe ya muhogo kidevuni.

"Yusra kanikataza," alisema. "Hiki kidonge cha sukari hakitaki tumbo tupu. Shaabani nilianguka mara mbili chooni, wewe hukuwapo. Nikamuuliza na sheikh. Kasema kula, bibi, ulishe maskini. Basi kila jioni nampelekea mtu kibaba changu cha mchele. Roho yangu imetulia, Mudrik."

Sikumuuliza aliumia wapi alipoanguka. Nilimuuliza, "Watu wanajua?"

Hii ni Ramadhani ya pili tangu asubuhi ile. Nimesahau mengi niliyosema maishani, na mengine nimejilazimisha kuyasahau. Maneno hayo mawili yamekataa.

Yusra alikuwa nesi wa kikundi cha wazee cha mtaani kwetu. Kikundi chenyewe walikiita Tusizeekee Ndani. Kila Jumamosi asubuhi wazee thelathini hivi walikusanyika katika uwanja wa skuli, wanaume na kanzu zao na raba miguuni, wanawake na mabuibui yaliyopandishwa yakafungwa kiunoni. Walinyoosha mikono, wakazunguka uwanja mara nne, kisha wakapanga foleni mbele ya meza ya Yusra kupimwa presha na sukari. Bibi alikwenda mara ya kwanza kwa kusukumwa. Mwaka haukwisha, akawa anakwenda sokoni Darajani na kurudi bila ya kusimama njiani kushika ukuta, na anayechelewa foleni anamtania: "Njoo, njoo, uzee haukungoji!"

Mimi niliwatungia mashairi. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwa vidole nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa pale Mlandege. Hakuna mwalimu aliyenishika mkono, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Yusra akinipa ushauri wake, mimi naupa vina: wa chumvi, wa kulala mapema, wa kunywa maji kabla kiu haijafika. *Punguza chumvi mzee, moyo usije kuchoka*, waliimba huku wakipinda migongo, na wasiokuwa na meno walicheka kwa matamshi yao wenyewe. Nilisimama pembeni mikono nimeikunja kifuani. Uwanja mzima ulikuwa ukipumua kwa mizani yangu.

Mwaka ule kikundi kiliandaa futari ya wazee wote, na mtu wa redio alikuwa anakuja kurekodi. Mwenyekiti wetu, Mzee Makungu, fundi seremala mstaafu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, aliniagizia shairi la kuusifu uzee. Nilitunga beti tisa. Ubeti wa saba ulikuwa wa bibi yangu, na nilipoumaliza niliusoma peke yangu uani nikajisikia mwili unasisimka:

*Bibi yangu namsifu, mwezi haujampita,*
*Uzee si udhaifu, funga moja hajakata,*
*Kwa nia na kwa unyofu, njaa haijampata,*
*Vijana wenye minofu, bibi huyu awasuta!*

Yeye alikuwa amenisikia. Asubuhi ile jikoni, baada ya kumaliza kipande chake cha mwisho cha muhogo, alisema, "Lile shairi lako. Ule ubeti wangu, utoe."

"Hautoki, bibi. Ndio roho ya shairi."

"Basi lisiwe na roho."

"Futari yenyewe keshokutwa."

"Siku mbili chungu nzima kwa fundi kama wewe." Alitabasamu kidogo, akidhani bado tunazungumza. "Sema nnatembea. Sema nazunguka uwanja mara nne na sipumziki. Hilo kweli, na kila mtu kaliona."

Nilicheka. "Nani atatokwa na machozi, bibi, kwa mtu kuzunguka uwanja?"

Alichukua sahani yake akaenda kuiosha, na mimi nikachukua ufunguo wangu nikaenda Mlandege. Njia nzima nilijaribu maneno mengine. Sitaki kusema uongo: niliyapata. Ubeti wa kutembea ulikuja wenyewe kabla sijafika dukani, vina vyake vimekaa sawa. Niliutupa kwa sababu haukuwa mzuri kama ule.

Siku ya futari mikeka ilitandikwa uwanjani, sinia za mihogo ya nazi, tambi na kaimati zimepangwa katikati, uji wa pilipili manga unatoa moshi. Nilisoma kabla ya magharibi, sauti yangu ikigonga kuta za madarasa na kurudi. Nilipofika ubeti wa saba nilinyoosha mkono kuelekea alipokaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Makungu akasimama katikati ya shairi langu, jambo ambalo siku nyingine lingeniudhi, akapaza sauti:

"Mnamwona? Sabini na nane! Halafu sisi tunalalamika viungo vinatuuma!"

"Kweli tumesutwa," alisema Bi Salhiya, jirani yetu, huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Yusra alikuwa amekaa karibu na meza yake ya vipimo. Alinitazama mimi, kisha akamtazama bibi. Bibi alikuwa anatazama mkeka.

Adhana ilipolia, macho ya uwanja mzima yalikuwa kwake. Akachukua tende, akasoma dua, akaitia mdomoni polepole, kama mtu anayetia sahihi.

Kesho yake niliamka nikamkuta sebuleni na tasbihi, midomo imemkauka.

"Umeshakula, bibi?"

"Nimefunga."

"Na kidonge?"

"Nshakimeza wakati wa daku."

"Lakini Yusra alisema…"

"Yusra hakusomewa shairi mbele ya redio." Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na hasira. "Jina lako ndio kwanza linachipua. Sitaki watu waje waseme mjukuu wa Mwanapili anatunga uongo."

Nilikuwa na la kusema. Ningeweza kumwambia kula, bibi, mimi nitakwenda kusema kwa watu. Ningeweza kwenda kwa Yusra, dakika kumi kwa miguu. Nilisimama pale mlangoni, viatu mkononi, na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwamba shairi langu limekuwa kweli.

Redio ililirusha mara tatu wiki ile, kabla ya adhana ya magharibi. Wateja Mlandege waliniomba niwasomee, nami niliwasomea huku nikipima vitambaa, na ubeti wa saba niliurudia bila ya kuombwa. Nyumbani bibi alizidi kuwa mwepesi. Alishika ukuta tena. Jumamosi ile hakwenda kupimwa, alisema miguu inamuuma, na Yusra alipomfuata nyumbani bibi alimwambia, kwa mdomo wake ambao sikuwahi kuusikia ukisema uongo, kwamba anakula vizuri.

Siku ya kumi na tisa, alasiri, alianguka juu ya mkeka wake wa kusalia. Bi Salhiya ndiye aliyemkuta. Nilipofika nyumba ilikuwa imejaa wanawake, na mmoja wao alikuwa anasema kwa sauti ya ajabu, "Kasujudu! Mwacheni, kasujudu!" Yusra aliwasukuma, akamchoma kidole, akasubiri kipimo chake kile kidogo. Akakigeuza nikione. Moja nukta nne, na chini ya nne tayari ni hatari. Aliyonong'ona yalinifikia mimi peke yangu:

"Hii si sijda, Mudrik. Hii ni sukari."

Alikaa hospitali siku mbili na hakufumbua macho.

Mazikoni watu walinishika mkono mmoja baada ya mmoja. "Amekufa na saumu yake, mwanamke yule. Nani asiyetamani?" Mzee Makungu alinikumbatia akalia begani kwangu. Nami nilizipokea pole zile kama mtu anayepokea zawadi, nikiitika amin, amin, mpaka wa mwisho.

Siku mbili baada ya kisomo cha hitma Yusra alinijia dukani. Hakukaa.

"Watano," alisema. "Watano niliowakataza kufunga wamerudi kufunga. Mmoja wao ni Mzee Makungu, na unaijua presha yake. Mwengine Bi Salhiya."

"Waambie. Wewe ndiye nesi."

"Nimewaambia. Wananijibu kwa shairi lako."

Nilianza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Nikamwambia siwezi, nitamvunjia bibi heshima kaburini, siri yake ni amana. Nilisema vizuri sana, kwa maneno ya kuchagua.

Yusra alinisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo heshima unayoilinda," aliuliza, "ni ya nani?"

Akatoka. Nilimchukia siku nzima. Kufika usiku nilikuwa nimebaki na mimi tu wa kumchukia.

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Katika Ramadhani hawafanyi mazoezi, wanakaa tu kivulini baada ya alasiri na kupimwa. Mzee Makungu aliponiona akapiga makofi. "Msanii wetu! Umetutungia la maombolezo?"

"Sikutunga kitu," nilisema. "Nimekuja kusema."

Sikuwa na karatasi. Nikawaambia kwamba bibi yangu alikatazwa kufunga, kwamba alikubali, alimuuliza sheikh, na alikula kwa siku nane roho yake ikiwa safi. Kwamba alinisihi niutoe ubeti ule nikakataa. Kwamba alifunga ili nisiitwe mwongo. Nikasema, "Hakufa kwa saumu. Amekufa kwa ajili yangu." Yalitoka yamepinda, hayana vina, na mara mbili nilirudia neno lile lile kwa kukosa jengine.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Astaghfirullah! Anamvua nguo maiti!" na minong'ono ikapanda kama maji chunguni.

Mzee Makungu aliinua mkono. "Mjukuu wangu, majonzi yanakusemesha. Sisi tulimwona kwa macho yetu akifuturu nasi. Nenda kapumzike. Hatutayachukua hayo uliyoyasema."

"Mzee, kweli nakwambia…"

"Nimesema hatutayachukua." Kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Nikaondoka. Nimezoea kuondoka uwanjani kwa makofi, sikujua njia ile ni ndefu kiasi gani. Nilikuwa nimeshafika getini niliposikia viatu vinaburuta nyuma yangu. Bi Salhiya. Alikuwa anahema, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo, bibi," nilisema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba." Akageuka kuangalia nyuma, akajisogeza mpaka ukuta ukamficha. "Mudrik. Alikuwa anakula saa ngapi?"

"Saa nne."

"Anameza kidonge kwanza, au anaanza na chakula?"

Nilikumbuka kila mizani ya ubeti ule, na hilo sikulijua.

"Sikumuuliza, bibi. Muulize Yusra, yuko pale mezani."

Bi Salhiya alichungulia uwanjani, akaiona meza, akawaona wenzake wote wamekaa kuizunguka. "Pale?" alisema. "Mbele ya watu?"

Nikamwambia anisubiri. Nikarudi ndani, nikakatisha uwanja mzima na macho yao yote, nikamwinamia Yusra sikioni nikamwambia kuna mtu anamhitaji getini. Sikutaja jina.