Waitikiaji

Kinywa cha yule Mfilipino kilikuwa wazi kwenye kioo cha kompyuta, na hakikutoa sauti. Hafidh alikuwa ameisimamisha picha hapo hapo, mdomo mwekundu umeachama na wanja umeanza kuchuruzika, na Zulekha akaambiwa autazame vizuri kwa maana leo ndio mdomo wake. Akautazama. Alikuwa mwanamke wa rika lake, amevaa gauni la kumetameta lililombana kiunoni. Katika filamu aliitwa Ligaya, mwimbaji aliyewahi kujaza kumbi za Manila, sasa anabembeleza aimbe kwenye harusi za watu wasiomjua. Zulekha alipohadithiwa kisa hicho mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa, kisha akawa hana raha siku nzima.

Maana na yeye alikuwa nyota, tusimpunje. Unguja nzima ilimjua. Akipanda jukwaani na kanga yake begani, wanawake waliiacha biriani ikapoa. Halafu akafuata biashara ya nguo Guangzhou, safari ya kwanza, ya pili, mwisho akahamia kabisa, na sauti ikaishia kwenye soko la Zhanxi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwapigia kelele wachukuzi wa marobota, akibishana bei kwa Kichina cha kubahatisha, akiwaita wateja wake kutoka Dar waliopotea kwenye umati. Nyumbani wakimuuliza mbona haimbi tena, aliwajibu kuwa ameacha, biashara imembana. Uongo huo ulimpa heshima kidogo, naye akaushika kwa mikono miwili.

Hafidh, kijana wa Pemba aliyekuja kusoma, ndiye aliyekuwa akiitafsiri filamu hii kwa Kiswahili, kwa kampuni ndogo ya mtaa wa Kangle, na Zulekha ndiye angemtilia Ligaya sauti. Itaonyeshwa nyumbani, alimwambia, na Zulekha hakusikia neno jingine baada ya hilo. Mawifi zake wangekuwa wamekaa mkekani, majirani wamejaa mpaka barazani, na sauti yake ingetoka kwenye televisheni. Wamsikie mara moja tu akiimba, kabla hawajamsahau kabisa. Alilitaka jambo hilo hata akaona aibu. Lakini laoban, yule mama wa Kichina mwenye kampuni, alikwisha kuweka sharti: asipouweza wimbo, atabaki na maneno tu, na wimbo ataimba Swalha. Swalha alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mtoto wa Tanga, mpole, mwenye sauti safi isiyojua shida. Alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, anamenya chungwa.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya karakana ya kushona. Vyerehani vilipokuwa vikienda, sakafu ilitetemeka na hakuna kilichoweza kurekodiwa, hivyo kazi yote ilingoja mafundi waende kula. Siku hiyo vilinyamaza kimoja kimoja, kama watu wanaoaga. Zulekha akaingia kwenye kibanda kilichobandikwa vipande vya blanketi ukutani, akavaa hedifoni, akasoma bismillahi.

Picha ikaanza kwenda. Ligaya akainua uso, na Zulekha akaingia naye.

*Taa mmeshaizima, bado naiona njia.*

Sauti ikaja. Mwenyewe hakuamini. Ilikuwa nzito, ina mchanga kidogo chini yake, lakini ilikuwa yake, ile ile, na ilikaa mahali pake bila kusukumwa. Swalha aliacha chungwa. Zulekha akaurudia mstari, akauzungusha mwishoni kama alivyokuwa akiuzungusha enzi zake, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, akanyamaza.

Kwenye kioo Ligaya aliendelea kuimba. Mdomo ulifunguka na kufumbika, ukafunguka tena, bila sauti.

Hafidh akasimamisha picha. Laoban akasema maneno mengi ya haraka, na Hafidh akamjibu kwa Kichina, akionyesha kwa mikono. Kisha akabonyeza kitufe ili Zulekha amsikie ndani.

"Bi Zulekha, anauliza mbona umenyamaza."

"Nimewaachia waitikiaji," akasema. Lilimtoka lenyewe. Miaka yote ya jukwaani, mstari ukishafika pale, alikuwa akiwaachia waliokaa nyuma yake waupokee, na hawakumwangusha hata siku moja.

Hafidh alichelewa kutafsiri. Laoban alisikiliza, akakunja uso. Hakuwa na ubaya, alitaka kuelewa tu.

"Anauliza, watu gani?"

Zulekha akageuka. Nyuma yake palikuwa na blanketi tu. Hapo ndipo alipojua kuwa hakuwahi kuacha kuimba. Alikuwa amenyamaza tu mwisho wa mstari, akingoja wampokee, na huko nyuma watu walikwisha kuondoka, kila mmoja na njia yake. Akamwambia Hafidh arudie picha.

Wakarudia. Sauti haikuja. Alichopata ni mkwaruzo, na juu ya mkwaruzo kikohozi. Akaomba tena.

"Mwanangu, mwambie leo nimelala vibaya. Mwambie huu mmoja tu. Nitakunywa maji ya tangawizi, mwambie."

Hafidh akamwambia. Laoban akatazama saa ya ukutani, akamtazama Swalha.

Swalha alipoingia kibandani alimpisha Zulekha kwa adabu na kumwomba radhi kwa sauti ya chini. Aliuimba wimbo mara moja, moja kwa moja mpaka mwisho, na kila neno likakaa mdomoni mwa Ligaya. Ulikuwa mzuri. Zulekha alisimama nje na kuukubali, na moyo ulimuuma kweli kweli.

"Kimebaki kipande cha mwisho," Hafidh akamwambia, hamtazami. "Yuko nyuma ya pazia, anaitwa jukwaani. Hana maneno, Bi Zulekha. Wanataka pumzi tu."

Zulekha akarudi ndani. Ligaya akasimama gizani, akasikia jina lake, akafumba macho. Kifua kikapanda. Zulekha akavuta pumzi pamoja naye, pumzi ya tumboni, ya mwimbaji, ikajaa mpaka mabegani, na hapo filamu ikakatika, kioo kikawa cheusi.

Hafidh akainua kidole, bado wanarekodi. Zulekha akaishikilia pumzi mpaka machozi yakamtoka, kisha akaitoa taratibu, bila sauti, asije akawaharibia.