Mchumba Aliyetengenezwa Lodwar

Pua ya kwanza Yar aliikataa. Ilikuwa pana mno, na mwanamume mwenye pua kama ile, alisema, lazima anakoroma. Kamande akacheka, akaifuta, akaleta nyingine kwenye kioo cha kompyuta.

Kamande alikuwa mpiga picha aliyehamia Lodwar kutoka Nyeri akiwa na kamera moja. Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa amepanda cheo: ana kompyuta, printa, na mashine ya kunakili picha za karatasi na kuziingiza ndani ya kompyuta, vyote akivifunika shuka kutwa kwa sababu ya vumbi. Wateja wake walitaka picha za pasipoti tu. Hakuna aliyewahi kumwomba atengeneze mtu. Kwa hiyo msichana wa Kisudani alipoingia na kusema anataka mchumba, si wa kuolewa naye bali wa kuonyesha watu, Kamande alisugua mikono kwa furaha.

"Na huyu mchumba ni nani?"

"Hayuko."

"Hayuko hapa Lodwar?"

"Hayuko popote. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Yar hakuwa na mchezo hata kidogo. Wazazi wake walikuwa wamekufa vitani. Aliyemlea katika kambi ya Kakuma ni Makuei, ndugu mdogo wa baba yake, na sasa Makuei alikuwa amekubaliana na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi ng'ambo ya mpaka kwamba atampa Yar awe mke wake wa nne. Yar alikuwa kidato cha tatu. Alitaka amalize shule, basi, hakuomba kingine duniani. Alilia, hakusikilizwa. Alimwendea mchungaji, mchungaji akamwambia atamwombea. Mfa maji haishi kutapatapa: siku moja akaropoka kwamba anaye mchumba tayari, kijana wa kwao anayepakua ndege za misaada Lokichoggio, na wameahidiana. Makuei hakukasirika. Alisema tu, "Nionyeshe uso wake. Nikiuona, nitamwambia mzee asubiri."

Ndipo Yar akajitolea kumsindikiza mgonjwa hospitalini Lodwar, na mgonjwa alipolazwa, yeye akaingia mjini kutafuta uso.

Nyuso Kamande alikuwa nazo tele. Akachukua midomo ya mwalimu mmoja, kidevu cha dereva wa lori, masikio ya polisi aliyehamishwa zamani. Akaziba maungio, akasawazisha weusi wa ngozi, akatia kivuli chini ya shavu. Kila kipande kilipokaa mahali pake, yule mtu alizidi kumtazama Yar, mpaka Yar akajikuta anarekebisha kola ya gauni lake. Mwisho Kamande akampiga Yar mwenyewe picha mbele ya pazia la buluu, akawaweka pamoja, na kwenye bega la Yar akalaza mkono alioutoa katika picha ya arusi ya watu wengine.

"Bado paji la uso," Yar akasema. "Mwanamume mzima wa kwetu hawezi kuwa na paji laini kama la mtoto. Weka chale."

"Chale gani sasa? Si nyinyi wote mna mistari tu?"

Swali la mjinga, lakini Yar naye hakuwa na jibu la mjuzi. Alitoka kwao mdogo, kabla hata hajang'olewa meno ya chini kama mila yao ilivyotaka. Alijua chale lazima ziwepo. Kwamba kila upande una chale zake, na kwamba mzee akiziona hujua mtu ametoka wapi, hilo alilisikia kijuujuu tu, kama mtoto anavyosikia mambo ya wakubwa.

Kamande alikuwa na paji moja tu zuri, la kijana aliyepigwa picha alipotoka hospitalini. Akalikata pamoja na macho, akalibandika.

"Hapa juu ya nyusi ana kovu la moto. Nilitoe?"

Yar akatazama. "Liache. Linamfanya awe mtu kweli."

Akampa jina la Marial, akamkunja ndani ya gazeti asichafuke, akarudi Kakuma.

Makuei aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Huyu si mtoto wa ovyo," alisema hatimaye. Jioni hiyo akampelekea yule mzee habari kwamba mambo yasubiri. Yar alienda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, kisha akachukua kitabu chake cha hesabu. Kwa wiki kadhaa alilala usingizi wa watu.

Lakini Makuei hakuweza kukaa na kitu kizuri peke yake. Aliipitisha ile picha kwa majirani, ikafika kanisani, na Jumapili moja mama mmoja mjane aitwaye Achai akaja mbio kutoka upande wa pili wa kambi, kiatu kimoja mguuni, picha mkononi. Alimkuta Yar anafua. Akapiga magoti kwenye maji ya sabuni.

"Mwanangu! Uko na mwanangu!"

"Mama, umekosea. Huyu anaitwa Marial."

"Ni Mabior. Jina si kitu, vita vimewabadilisha watu wengi majina. Hizi ni chale za kwetu, na macho haya ni ya baba yake. Tulipotezana naye mtoni risasi zikilia. Chale sikumwona akichanjwa, lakini walimchanja, unaona? Walimlea, wakamchanja!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. "Yuko wapi huko Lokichoggio? Kesho napanda lori."

Yar alijaribu kusema Marial amehamishwa, Achai akasema atamfuata huko huko. Alijaribu kusema labda wanafanana tu, Achai hakusikia. Kesho yake, kweli, mama yule alikuwa barabarani na kifurushi, anawauliza madereva. Angefika Loki, angezunguka uwanja wa ndege akiuliza mtu ambaye hakuzaliwa, angerudi akisema hayupo, na Makuei angejua yote. Yar alimkimbilia pale barabarani. Alitaka kumaliza jambo mara moja. Akasema, "Mama, usiende. Nilikuwa naficha. Amekufa. Lori lilipigwa huko ng'ambo, mwezi uliopita."

Kilio alichotoa Achai kiliwafanya hata Waturkana waliokuwa wakiuza makaa kando ya barabara wasimame. Yar alibaki amemshika, anajichukia. Hata hivyo, ndani kabisa, pembeni, sauti ndogo ilimwambia: basi, imekwisha. Mchumba aliyekufa haulizwi maswali, na mfiwa haozwi upesi.

Aliruka mkojo, akakanyaga mavi. Shule ya kambini ilimfundisha Yar mengi, lakini haikumkumbusha kwamba kwao kifo hakivunji uchumba. Mwanamume akifa bila mtoto, jina lake haliachwi lipotee. Ndugu yake humwoa mchumba kwa niaba yake, na watoto wakizaliwa huwa ni wa marehemu. Matanga yalipokwisha, ukoo wa Achai ukaja kwa Makuei, wazee wamevaa mashati safi, na pamoja nao mtoto wa pili wa Achai, Chol, ambaye Yar alikuwa hajawahi kumwona.

Yar aliinua macho kumtazama. Lile paji. Yale macho. Na juu ya nyusi, kovu la moto.

Hakuna mwingine aliyeliona. Watu walikuwa wameamua ni ndugu, na ndugu hufanana. Wazee walizungumza kwa upole. Chol mwenyewe, kijana wa watu, alisema kwa haya kwamba Yar amalize shule kwanza, yeye hana haraka. Makuei alitabasamu. Yar alikaa pale mkekani akielewa kwamba anapewa karibu kila alichokitaka. Hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Na angenyamaza, sitamsingizia ushujaa. Alikuwa amekwisha amua kunyamaza.

Kisha Achai akamsogelea, akamshika mikono miwili.

"Binti yangu, sina neno refu. Nakuuliza moja tu. Kabla hajafa, alikuwa akinitaja?"

Ndiyo. Neno fupi kuliko yote. Yar alifungua kinywa alitoe, akaona jinsi mama yule alivyosogeza sikio, na neno likakataa kutoka.

"Hakukutaja, mama. Hayupo. Hakuwahi kuwapo. Nilimtengenezesha Lodwar, kwenye kompyuta, nisiolewe." Akachukua picha, akaiweka kando ya uso wa Chol. "Tazameni kovu. Hili ni paji la Chol. Midomo ni ya mtu mwingine, kidevu cha mwingine. Nilimuumba, na nikamuua. Nisamehe, mama."

Chol akagusa nyusi yake. "Nilipigwa picha pale Lodwar," alisema taratibu, "nilipotoka hospitalini." Mzee mmoja akatema mate chini, akaondoka.

Makuei hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Kwa hiyo huna mtu," alisema. "Basi mzee atakuja wiki hii."

Yar alikuwa anamtazama Achai, akingoja atukanwe, apigwe, lolote. Achai aliichukua picha, akapitisha kidole kwenye zile chale. Kisha akaikunja katikati, akaichana polepole. Nusu yenye mwanamume akaitia kifuani, ndani ya gauni.

"Huyu niachie," alisema. "Wa kwangu sina hata picha."

Nusu nyingine akamwekea Yar mapajani, akaondoka akiongozwa na Chol. Yar aliangalia. Alikuwa yeye peke yake mbele ya pazia la buluu, na begani pake vimebaki vidole vinne vya mtu asiyemjua.