Gari la Nesi Limerudi Mara ya Tatu

Nesi alikuja na ushahidi wake kwenye chupa. Alikuwa amestaafu hospitalini miaka minne iliyopita, lakini mazoea yana taabu: chupa ilikuwa ndogo, safi, ina kifuniko cha raba, na ubavuni amebandika karatasi yenye tarehe na saa. Aliitua juu ya meza ya vifaa, katikati ya spana na makopo ya grisi.

"Nimechota leo asubuhi kwenye rejeta," alisema. "Hebu niambie, fundi, hayo ni maji?"

Hayakuwa maji. Yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa iliyolala, na oili imeelea juu. Mzee, mwenye gereji, aliitazama chupa bila kuigusa.

"Mabaki," alisema. "Oili ya zamani ilibaki kwenye mipira. Itaisha yenyewe."

"Mara ya kwanza mlisema gasketi. Mara ya pili mkasema kijana wako ameifunga vibaya. Leo ni mabaki. Mimi nabeba watoto wa shule kwenye gari hilo, Mzee, sibebi mabaki."

Jeki alikuwa ameinama kwenye gurudumu la gari jingine. Jeki ndilo jina alilopewa hapo gereji, maana binti huyu wa Mzee alianza kunyanyua magari kabla hajajua kujisuka nywele. Aliposikia "kijana wako", mkono wake ulisimama. Kijana huyo ni kaka yake, tumbo moja, na wiki saba zilikuwa zimepita bila yeye kukanyaga pale.

Na alikosa nini, maskini? Gari la nesi lilipoletwa mara ya kwanza, Mzee alichungulia tu, akatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imekufa, badilisha. Kaka akachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, akasema, "Baba, mbona dipstiki ni safi? Oili haina tone la maji. Tuchunguze kwanza." Mzee akacheka kicheko chake kile cha kumwambia mtu kwamba yeye ni mtoto wa jana. Kaka akatii. Akafumua hedi, kile kichwa cha injini, akaweka gasketi mpya inayotenga oili na maji, akafunga. Wiki ya pili gari likarudi na oili tele kwenye maji. Basi Mzee, mbele ya wateja, mbele ya mpaka rangi wa jirani ambaye mdomo wake hauna breki, akatangaza kwamba mwanawe amekaza bolti za hedi ovyo ovyo, kama anayefunga banda la kuku. "Kuanzia leo usiniite baba," alimwambia. "Niite fundi, kama wateja wengine."

Kaka alifuta mikono, akaenda zake. Mzee akaifumua injini mwenyewe, na bolti akazikaza moja moja akizihesabu kwa sauti ili kila mwenye masikio asikie. Sasa gari lile lile, hilo hapo.

Jeki alisimama. "Na safari hii bolti alikaza nani, Baba?"

"Shughulika na kazi yako."

"Ndiyo hii. Mabaki gani, wakati njia za maji nilizisafisha mwenyewe kwa sabuni, mara mbili, mpaka maji yakatoka maangavu? Ulikuwa umesimama papo hapo."

Jeki alichomoa dipstiki, akaifutia kwenye karatasi nyeupe, akamwonyesha nesi: oili nyeusi safi, haina ukungu wala povu. Injini ilikuwa imeshapoa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akawasha injini, akaikanyagia moto kidogo. Maji machafu yalitulia tu. Nyuma, ekzosi haikutoa moshi mweupe.

"Gasketi ikifa," alimweleza nesi, akimpa Mzee mgongo makusudi, "mara nyingi hewa ya silinda inaingia kwenye maji, unaona mapovu hapa. Hakuna. Sasa, injini ikiwaka, oili inasukumwa kwa nguvu kuliko maji. Penye ufa kati yao, oili ndiyo inayovuka. Ndiyo maana maji yamechafuka na oili imebaki safi."

"Na wapi vinapokaa jirani hivyo viwili?"

"Kwenye kipoza oili." Alimwonyesha kidude cha bati nyuma ya filta, hakifiki hata nusu mkate. "Oili inapita huku, maji huku, katikati ni bati jembamba tu."

"Usikifungue hicho," Mzee alisema. "Miaka thelathini sijaona kimeharibika."

"Miaka thelathini hujawahi kukifungua."

"Wewe binti, utanivunjia heshima kwenye gereji yangu?"

"Fungua," nesi alisema. "Gari ni langu."

Jeki alimwaga maji na oili, akakifungua. Akaziba tundu moja la oili kwa raba, kwenye la pili akabana mpira wa kompresa, akakizamisha chote kwenye beseni la maji na kuachia upepo kidogo kidogo. Hawakungoja. Kutoka kwenye bomba la upande wa maji, ambako upepo haukuwa na ruhusa ya kupita, mapovu yalianza kutoka mfululizo.

Nesi aliyatazama, kisha akamtazama Mzee. "Mgonjwa anaumwa figo, nyie mmempasua kichwa mara mbili."

"Kwa hiyo kijana wa watu hakuwa na kosa," mpaka rangi alisema kutoka ng'ambo ya ukuta. Hakuna aliyemuuliza, lakini siku hiyo Jeki alimpenda.

Mzee alifunga kompresa. "Tafuta kipya, ukifunge, mpe mama gari lake," alisema, akageuka aende ofisini.

"Sifungi."

"Unasemaje?"

"Sifungi mpaka umpigie kaka. Ulimfukuza mbele za watu, mpigie mbele za watu." Alimchukia baba yake wakati ule, na hakuona aibu kumchukia.

Mzee alitoa simu, akaipekua, akaipekua tena. "Namba nilifuta," alisema. Jeki alimtajia, tarakimu kwa tarakimu, bila kumhurumia. Masikio ya Mzee yaliliwa na injini zamani, hivyo simu zake zote ni za spika, na gereji nzima ilisikia ikiita.

"Haloo, nani mwenzangu?" Nyuma ya sauti ile kulikuwa na nyundo ikigonga chuma. Kaka alikuwa kazini, kwenye gereji ya watu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mzee aliisogeza simu mdomoni. "Baba yako."

Kule nyundo ilinyamaza. Kaka alipojibu, hakuwa na hasira. Alikuwa na ile adabu ya fundi mbele ya mteja.

"Ndiyo, fundi. Nikusaidie nini?"

Mzee alitazama beseni. "Lile gari la nesi," alisema. "Kumbe lilikuwa kipoza oili."

"Dipstiki ilikuwa safi, fundi. Nilikwambia." Na simu ikakatika.

Nesi alichukua chupa yake, akaenda kukaa kwenye benchi. Jeki aliokota kitambaa, akapiga magoti, akaanza kusafisha mahali pa kufungia kipoza kipya, maana ahadi ni ahadi. Mzee alibaki kaishika simu kifuani.

"Unadhani atapiga?" aliuliza.

"Sijui, fundi," Jeki alisema.