Nguzo Kwenye Picha

"Picha yako imelala," alisema Mzee Lenzi, akirudi nyuma kidogo ili aitazame vizuri. "Mwanga umeukamata. Mvuke wa pasi unaonekana mpaka mtu anataka kuushika. Lakini nguzo hii imeinama kama mlevi, na jicho langu linaifuata yenyewe badala ya kumfuata mtu."

Dobi alikaa kimya, mikono mapajani. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile: mwenye picha hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize. Kwanza wanataja kilichosimama, kisha kinacholiumiza jicho, kisha cha kujaribu safari ijayo. Sheria aliitunga Mzee Lenzi mwenyewe. Alikuwa amepiga picha za vitambulisho maisha yake yote, na wateja walipokwisha aliigeuza studio yake kuwa mahali pa kukutania watu wanaopiga picha kwa kupenda tu.

"Mimi naipenda," alisema nesi, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na viatu vyake vyeupe. "Huyu bibi kwenye kona anakunja shati wala hana habari kama anapigwa picha. Ila umebana mno, dada. Chumba sikioni. Rudi nyuma, tuone dari, tuone sakafu."

"Haya, sasa jibu," Mzee Lenzi alimwambia dobi.

"Nilishika kamera sawasawa, Mzee."

"Kila mtu hushika sawasawa. Ukiitetea picha, huitazami."

Wakacheka, naye akacheka nao. Lakini njiani neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alikuwa na mkono wa pasi, mkono unaoupiga mstari wa suruali kutoka kiunoni hadi kwenye pindo bila kuyumba. Mkono huo ungeinamishaje nguzo nzima?

Nyumbani ilibidi ausukume mlango kwa bega. Ulikuwa umeanza kugoma tangu mafundi walipoanza kupandisha ghorofa mpya juu ya zile za zamani.

"Mlango umenenepa," mama mkwe wake alisema, akiwa na rundo la soksi mapajani. "Sisi tunakonda, mlango unanenepa."

"Labda unakula usiku, Mama."

"Basi usiku wenyewe hautuachii kitu."

Wanawake hao wawili walikuwa wamebaki peke yao tangu mtoto wa mmoja, mume wa mwingine, alipofariki. Hakuna aliyewauliza kama wangependa kuishi pamoja. Waliamka siku moja baada ya matanga wakajikuta wanakunja nguo za watu meza moja. Kamera ilikuwa ya marehemu. Dobi aliichukua kwanza ili isishike vumbi. Baadaye aliona jinsi mwanga wa asubuhi unavyoingia dirishani na kulala juu ya mashuka, akawa haamki tena kwa ajili ya pasi peke yake.

Safari hii alijipanga. Aliiweka kamera juu ya kigoda, akaweka bilauri ya maji kando yake kuona kama kigoda kimekaa sawa. Maji yaliegemea upande mmoja. Alikunja kitambaa, akakichomeka chini ya mguu mmoja wa kigoda, akaongeza kingine, mpaka maji yakatulia. Akarudisha kigoda nyuma hadi ukutani, akayatuliza maji upya, ili dari ionekane, na sakafu, na taa iliyoning'inia kwa waya wake mrefu karibu na nguzo. Mama mkwe aliendelea na soksi zake. Kamera ikabofya.

Waliokutana studio siku ile walikuwa wachache. Mzee Lenzi aliibana picha mpya kwenye kamba, akaanza kama kawaida.

"Sasa hii inapumua. Dari tunaiona. Bibi amepata nafasi yake. Umesikia, na umefanyia kazi. Ila bado nguzo..."

 Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Taa hii," alisema. "Inaning'inia yenyewe? Hakuna aliyeivuta?"

Dobi hakujua kama ameruhusiwa kusema. "Inaning'inia yenyewe."

"Na dirisha lilikuwa limefungwa? Hakuna upepo?"

"Nilifunga."

Mzee Lenzi alichukua rula mezani, akailaza juu ya waya wa taa ndani ya picha. Waya ulikuwa wima, sambamba na ukingo wa karatasi. Kisha akaisogeza rula mpaka kwenye nguzo. Huko juu, karibu na dari, nguzo iliiacha rula ikaenda zake.

Nesi alisimama. "Kwa hiyo picha haijalala," alisema polepole.

Mzee Lenzi aliirudisha rula mezani. Alikwenda kwenye ukuta wa nyuma, alikotundika picha ya kwanza ya kila mwanachama, akaibandua ya dobi. Chumba kilikuwa kile kile, na nguzo ile ile, lakini hapo ilisimama pembeni ya waya kama ndugu wawili mlangoni. Ilipigwa kabla ghorofa mpya haijaanza.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nilikukosoa kwa kosa lisilo lako."

Heri kosa lingekuwa langu, dobi aliwaza. Kosa la mkono mtu anaweza kulirekebisha.

Mwenye nyumba aliishi ghorofa ya kwanza, juu ya kichwa cha dobi, na mke wake na watoto. Alikuwa rafiki wa marehemu, na mpaka leo alimwita dobi shemeji. Nyumba aliijenga kidogo kidogo kwa kazi ya maisha yake yote. Hata misumari alikuwa akijua ipi iliingia lini. Dobi alimkuta ngazini, vumbi la saruji kwenye nyusi, akiwahimiza mafundi waliokuwa wakivuta ndoo za zege kwa kamba.

Dobi alikuwa amejiandaa kusema kama walivyosema studio, mazuri kwanza.

"Shemeji, nyumba yako ina ngazi nzuri. Mtoto hawezi kuteleza. Na madirisha uliyafikiria, mwanga unaingia mpaka ndani."

Mwenye nyumba alimtazama kwa wasiwasi. "Mtu akianza kukusifia ngazi, ujue kuna jambo. Sema."

Dobi akampa picha zote mbili. Mwenye nyumba alizitazama, ya zamani mkono wa kushoto, mpya mkono wa kulia. Dobi aliona kidole gumba chake kikipita juu ya nguzo, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Kamera hiyo rafiki yangu aliinunua imeshatumika," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwepo. Kioo chake kibovu."

"Kioo kikiwa kibovu kingeupinda hata waya wa taa."

"Shemeji, wewe ni mtu wa nguo."

"Ni kweli. Njoo chini basi, uitazame mwenyewe, bila kamera."

"Nitakuja."

Hakuja. Alikuja fundi mmoja na mwiko, akaziba ufa uliojitokeza nyuma ya kabati la dobi, akapaka chokaa juu yake. Nesi alipiga simu kwa wahusika wa majengo. Waliahidi kutuma mtu, nao hawakusema lini. Juu, ndoo ziliendelea kupanda.

Kisha ikaja mchana ambao dobi alikuwa akipiga pasi shati jeupe, akasikia kitambaa kikichanika. Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ikimshtua hata usingizini. Alinyanyua pasi haraka, akalikagua shati mbele na nyuma. Lilikuwa zima.

Mama mkwe alikuwa ameacha kukunja.

"Mwanangu," alisema, "hilo siyo shati."

Vumbi jembamba lilikuwa likishuka kandokando ya nguzo, jeupe, kimya, likitua juu ya nguo za watu zilizokwisha kunyooshwa. Dobi alichomoa pasi. Alimvalisha mama mkwe viatu, akamshika kiuno, wakauvuta mlango kwa pamoja mpaka ukaachia.

Alimpigia simu Mzee Lenzi, naye akaja na nesi wakihema. Mama mkwe wakamketisha kwenye kiti nje ya duka la upande wa pili wa barabara. Nesi alipanda ngazi na viatu vyake vyeupe, akigonga kila mlango, akisema kwa sauti ile wanayotumia hospitalini, isiyopanda na isiyoomba: tokeni, tokeni sasa, vitu mtachukua baadaye. Watu walitoka wakinung'unika, mmoja na sufuria, mwingine na redio. Mafundi walichungulia kutoka juu, wakaona watu wamejaa barabarani, nao wakashuka bila kuitwa. Ndoo waliiacha ikining'inia katikati ya ukuta, imejaa.

Mke wa mwenye nyumba alitoka na godoro kichwani, watoto wakimfuata. Hakugeuka. Mwenye nyumba alishuka nyuma yao mpaka kwenye ngazi ya mwisho, na hapo akaketi. Mkononi bado alikuwa na zile picha mbili.

"Baba, njoo," mtoto mmoja aliita.

Alipunga mkono, kama anayesema nakuja.

Barabara ilikuwa imetulia. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti, halafu kimya, halafu tena.

"Nani atamtoa yule?" mama mkwe aliuliza.

Mzee Lenzi alimshika dobi mkono. "Usiende, dada. Mwite kutoka hapa."

Dobi aliita, "Shemeji." Mwenye nyumba hakuinua kichwa. Dobi aliutoa mkono wake taratibu, akavuka barabara, akasimama mbele yake katika kivuli cha nyumba.

"Nimeziangalia," mwenye nyumba alisema. "Hata ukianza na nzuri, shemeji, haisaidii."

"Najua. Inuka twende."

Mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka. Kisha akajisogeza pembeni kidogo kwenye ngazi, akapangusa vumbi kwa kiganja, akamwachia nafasi ya kukaa kando yake.