Msumari wa Pete

Kaka alinipiga kofi kabla hajasema neno. Niliangukia meza, chuma cha kulehemia kikanichoma mkono, ngozi ikanuka.

"Nani kakutuma ufungue amplifaya yangu?"

"Inavuma kama nzi kwenye chupa! Jumamosi iliyopita nilighani beti zangu bora, watu wakasikia mmm, mmm. Wakacheka. Mimi, wakacheka!"

"Walicheka mashairi yako, bwana mdogo. Usiisingizie mashine."

Nikamrukia. Kaka ni fundi mageti, na kifua chake ni geti jingine. Alinipokea kwa kiwiko. Nikatema jino, likabingirika kati ya skrubu. Nikamng'ata bega mpaka akapiga yowe.

Amplifaya ile aliiunda yeye, kipande kwa kipande, kutoka kwenye boksi la vipuri, mwaka niliomaliza shule, ili mdogo wake asikike. Nilikuwa nimeng'oa kapasita zake mbili, nikapachika kubwa kama makopo ya maziwa, ziweke umeme mwingi na kuua ule mvumo. Rezista ndogo iliyozidandia, ambayo kazi yake ni kumwaga umeme mashine ikizimwa, niliikata nikaitupa. Nilidhani inaninyonya sauti. Hakuna aliyenifundisha ufundi, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha ushairi, na huwa najisifu kwa hilo.

Nilikuwa nazijaribu kapasita zenyewe tu, bodi ya sauti ikiwa pembeni. Niliposikia hatua zake mlangoni nikachomoa waya ukutani. Kwa hiyo zilikuwa zimejaa tele, na umeme haukuwa na pa kutokea.

Juu ya meza ile kuna msumari. Kaka ndiye aliyeupigilia, na sheria ni yake: kabla ya kutia mkono ndani ya mashine, saa na pete hutundikwa pale. Hata mgeni akitaka kuchungulia tu, humwambia, "Vua kwanza, mheshimiwa."

Siku ile msumari ulikuwa mtupu.

"Navitoa hivi vikopo vyako," alisema akihema, damu ikimtoka begani. "Naving'oa ukiona."

Niliiona pete yake ya ndoa. Niliuona mkono ukishuka. Neno moja tu lingetosha, na mimi ni mtu wa maneno. Nikafumba mdomo uliojaa damu, nikasubiri.

Pete iligusa vichwa viwili vya kapasita kwa pamoja. Ikalia kama bunduki, mwanga wa bluu ukanipiga machoni. Kaka aliruka nyuma, akaangusha rafu, akagaagaa sakafuni akilia kama ng'ombe. Pete ilikuwa imezama kwenye nyama. Nilimkalia kifuani nikaikata kwa koleo ileile iliyokata rezista. Ilitoka na ngozi.

"Ulikuwa umechomoa waya," alinong'ona. "Nimeuona. Kosa langu, mdogo wangu. Nimesahau msumari."

Nikamfunga kidole kwa kitambaa.

Jumamosi mvumo haukuwepo. Nilikuwa nimefunga rezista mpya, na hata nilipomeza mate walisikia wa nyuma kabisa. Kaka alikaa mstari wa mbele, mkono ndani ya bandeji, akanipungia kwa ule mzima. Karatasi yangu ilikuwa na beti kumi na mbili. Niliikunja.

"Niliiona pete," nikasema.

Spika hazikupoteza hata herufi moja. Mkono wa kaka ukashuka taratibu mapajani.